Alikuwa anakula nini? Namna ya kuandika wasifu wa mwandishi wa bunilizi za kisayansi

Wasifu wangu wa kwanza wa Octavia Butler, mwandishi Mmarekani Mweusi wa bunilizi za kisayansi, ulikuwa na kurasa nne. Tarehe zote zilikuwa sahihi, tuzo zote zimo, vitabu vimepangwa mwaka kwa mwaka. Mpwa wangu aliusoma mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa pili, akaweka kidole katikati na kuniuliza: "Mjomba, hapa kati ya 1971 na 1976 alikuwa anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika kwamba hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1971, na aya iliyofuata ikaanza na riwaya yake ya kwanza ya mwaka 1976. Miaka mitano ya mtu nimeiruka kwa nukta moja. Mpwa wangu hakuuliza kwa ubishi. Yeye mwenyewe anaandika, usiku, akishatoka kazini, na alichokuwa anakitafuta kwenye zile kurasa ni njia aliyopita mwenzake. Mimi nikampa orodha ya vikombe.

Tangu siku hiyo naanzia pale alipoweka kidole. Nitaeleza ninavyofanya kwa kumtumia huyo huyo Butler, maana ndiye niliyemsoma zaidi, na maisha yake yana karibu kila tatizo utakalokutana nalo kwa mwandishi mwingine yeyote wa fani hii.

Daftari la safu mbili

Kabla hujaandika sentensi hata moja, chukua daftari na upige mstari katikati ya ukurasa, kutoka juu hadi chini. Safu ya kushoto iite Vitabu. Safu ya kulia iite Riziki. Pembeni kabisa weka miaka, kila mwaka mstari wake, hata ule ambao hujui kilichotokea. Mwaka usioujua uache wazi, usiufute. Pale palipo wazi ndipo penye kazi yako.

Safu ya kushoto hujaa haraka. Kwa Butler unaandika: Patternmaster 1976, Mind of My Mind 1977, Survivor 1978, Kindred 1979, Wild Seed 1980, Clay's Ark 1984, kisha Dawn, Adulthood Rites na Imago kuanzia 1987 hadi 1989, Parable of the Sower 1993, Parable of the Talents 1998, Fledgling 2005. Hadithi fupi ni chache, naye mwenyewe alisema yeye ni mtu wa riwaya. Kazi ya nusu saa, umemaliza.

Safu ya kulia ndiyo inayokula wiki. Humo unaandika nani alilipa kodi ya nyumba, kazi gani, saa ngapi, nani alimlea, nani alimkopesha, nani alimdhulumu. Hayo huyapati kwenye orodha za tuzo. Yamo kwenye mahojiano, kwenye insha alizoandika mwenyewe, na kwenye yale maelezo mafupi ambayo waandishi huweka baada ya hadithi zao. Mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa mwaka 1995 una maelezo ya namna hiyo baada ya kila hadithi, pamoja na insha mbili juu ya maisha yake ya uandishi. Ukikosa muda wa kusoma kila kitu, soma huo kwanza.

Haya ndiyo niliyoyapata upande wa kulia. Alizaliwa Pasadena, California, tarehe 22 Juni 1947. Baba yake alikuwa mng'arisha viatu, akafariki binti angali mdogo. Mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Mama na bibi ndio waliomlea, katika nyumba ya Kibaptisti yenye maadili makali. Alikuwa mtoto mrefu kuliko wenzake, mwenye haya, na kusoma kulimpa taabu kwa sababu ya disleksia, hali inayomfanya mtu apate shida kutambua herufi na maneno, lakini maktaba ya mji ndiyo ikawa kimbilio lake. Mama alikuwa anarudi nyumbani na vitabu na magazeti ambayo matajiri wake wameyatupa. Binti alipofika miaka 10 akamsumbua mama yake mpaka akanunuliwa taipureta.

Angalia hiyo taipureta. Kwenye wasifu wangu wa kwanza niliiandika kama pambo: "alipenda kuandika tangu utotoni." Nilipoiweka kwenye safu ya Riziki ikabadilika sura. Mjakazi mjane amemnunulia mtoto wa miaka 10 mashine ambayo hata kuitumia mtoto hajui. Hiyo si habari ya kipaji cha mtoto. Ni habari ya mama, na sasa mama huyo ana aya yake.

Ipo pia ya wakala. Butler alieleza kwamba alipokuwa bado kijana mdogo alituma hadithi kwa mtu aliyejiita wakala wa waandishi, naye akadai ada ya kusoma. Mama akalipa, kwa kutojua, pesa iliyozidi kodi ya nyumba ya mwezi mzima, na hawakupata chochote. Wasifu nyingi zinaiacha hii kwa kuwa haina mshindi. Usiiache. Mwandishi chipukizi anayesoma wasifu wako kesho atapigiwa simu na wakala wa aina hiyo hiyo.

Pengo: andika saa, usiandike mateso

Sasa twende kwenye ile miaka mitano.

Mwaka 1970 Butler alihudhuria warsha ya waandishi wa bunilizi za kisayansi huko Clarion, Pennsylvania, wiki sita mfululizo. Harlan Ellison, mwandishi wa fani hiyo aliyemfundisha kwenye warsha nyingine Los Angeles, ndiye aliyemsukuma aende, na huko Clarion akakutana na Samuel R. Delany, mwandishi Mweusi wa fani hiyo hiyo. Akauza hadithi mbili. Moja, Crossover, ilitoka mwaka 1971 katika mkusanyiko wa warsha hiyo. Nyingine, Childfinder, Ellison aliinunua kwa ajili ya kitabu ambacho hakikutoka Butler akiwa hai, na wasomaji waliipata mwaka 2014, miaka 8 baada ya mwandishi kufariki. Unapoandika "aliuza hadithi mbili" bila kuongeza hilo, umesema kweli na bado umempotosha msomaji. Binti wa miaka 23 amerudi nyumbani akiamini mlango umefunguka. Kisha hakuuza neno lingine kwa miaka mitano.

Hapa waandishi wa wasifu tunashikwa na uvivu unaojificha nyuma ya huruma. Tunaandika: "Baada ya miaka mingi ya kuhangaika, hatimaye alifanikiwa." Sentensi hiyo inamfaa kila mtu, kwa hiyo haimhusu mtu. Ifute. Badala yake jibu maswali matatu: alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa anaandika saa ngapi, na alikuwa anaandika nini.

Kwa Butler majibu yapo. Aliosha vyombo. Aliuza bidhaa kwa simu. Alikaa kiwandani akikagua viazi vya kukaanga vya pakiti na kuondoa vilivyoharibika. Mama yake alitamani awe katibu wa ofisi ili apate mshahara wa uhakika, lakini yeye alichagua kazi zisizomnyang'anya akili, ili aweze kuamka saa nane au saa tisa usiku na kuandika kabla ya kwenda kazini. Na alichokuwa anaandika ni ulimwengu aliouanza akiwa na miaka 12, ule uliokuja kuwa Patternmaster.

Hii ndiyo aya niliyoiweka badala ya nukta yangu:

"Saa nane za usiku taa ya chumba chake ilikuwa imewaka. Alikuwa na saa chache kabla ya basi la kwenda kazini, kwani hakuendesha gari. Mchana angekagua viazi kwenye mkanda wa kiwanda, na viazi havikumtaka afikirie, kwa hiyo aliendelea kufikiria watu wake wanaosomana mawazo. Alifanya hivyo miaka mitano bila mhariri hata mmoja kumnunua."

Maneno ni machache, lakini kila jambo lililomo lina chanzo, na hilo ni sharti. Usibuni kikombe cha chai mezani. Usibuni mvua dirishani. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, wewe unayeandika maisha yake huna. Kama hujui taa ilikuwa ya aina gani, sema taa, basi.

Butler ana pengo la pili, na nimeona watu wakiliandika kama lile la kwanza. Kati ya 1998 na 2005 hakutoa riwaya. Wakati huo alikuwa na jina, pesa na wasomaji. Alikuwa anasumbuliwa na shinikizo la damu na dawa zake zilimchosha, na alikuwa ameanza mara nyingi riwaya ya tatu ya mfululizo wa Parable bila kufika popote. Miswada hiyo iliyokatika ipo, mwanzo baada ya mwanzo. Mwishowe aliiweka kando, akajiandikia hadithi ya wanyonya damu kwa kujifurahisha, nayo ndiyo Fledgling. Pengo la njaa na pengo la uchovu ni vitu viwili. Safu ya kulia ndiyo itakayokuonyesha lipi ni lipi.

Kitabu kimoja, ukifuate hadi mlangoni

Usifupishe visa vya riwaya zote 12. Hakuna anayesoma muhtasari wa tano. Chagua kitabu kimoja ambacho unaweza kukifuata kutoka maishani hadi kwenye karatasi, ukipe nafasi ya kutosha, na vingine uvipitie kwa sentensi moja moja.

Mimi nilichagua Kindred. Dana, mwanamke Mweusi wa Los Angeles ya mwaka 1976, anavutwa ghafla hadi Maryland ya mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye shamba la watumwa, na kila anapovutwa ni ili aokoe maisha ya mvulana wa Kizungu ambaye ni babu yake wa ukoo. Akimwacha afe, yeye mwenyewe hatazaliwa. Hivyo tu, msomaji ameshikwa. Sasa rudi nyuma.

Butler akiwa mdogo aliwahi kwenda na mama yake kazini. Aliona mama akiingia kwa mlango wa nyuma. Aliwasikia watu wakimsema mama yake akiwa palepale, kana kwamba hasikii. Mtoto akakasirika, na hasira yake haikuwaangukia matajiri peke yao. Ilimwangukia na mama, kwa kuvumilia. Miaka ikapita. Chuoni Pasadena akamsikia kijana mwenzake, mfuasi wa harakati za Watu Weusi za miaka ya 1960, akisema angependa kuwaua wazee wote waliowarudisha nyuma kwa unyenyekevu wao, ila hawezi, kwa sababu ingembidi aanze na wazazi wake. Butler alikuwa ameshaelewa wakati huo kwamba ule unyenyekevu ndio uliowalisha. Akataka kumchukua mtu wa kizazi chake na kumrudisha huko, aone angeishi siku ngapi.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo wasomaji wanaoandika watakushukuru ukiwapa. Mhusika wa kwanza alikuwa mwanamume. Butler akagundua hawezi kumwendeleza: mwanamume Mweusi mwenye kimo na macho ya 1976, asiyejua kuinamisha kichwa, angeuawa kabla ya hadithi kuanza. Mwanamke angeonekana hana hatari, na kosa la kumwona hivyo ndilo lingempa nafasi ya kuishi. Uamuzi mmoja wa jinsia ya mhusika umebeba kitabu kizima. Tafuta uamuzi wa namna hiyo kwa kila mwandishi unayemwandikia. Mara nyingi ameusema mahali, katika mahojiano, kwa sentensi mbili zisizotiliwa maanani.

Na safu ya Riziki haiachi kuingia. Ili aende Maryland kufanya utafiti alihitaji pesa, kwa hiyo akauza riwaya ya Survivor kabla hajaridhika nayo. Akasafiri kwa basi kuvuka Marekani. Akafika pia Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, katika jimbo la Virginia, ambako watembeza wageni walikuwa wakisema "watumishi", wasitaje watumwa. Kindred ikapatikana. Survivor akaichukia maisha yake yote na kukataa isichapishwe tena. Ukiziweka 1978 na 1979 kwenye mistari miwili ya daftari, utaona kitabu kimoja kimelipia nauli ya kingine. Sijawahi kuona orodha ya vitabu inayosema hivyo.

Jambo moja la kukuchunga. Ukishafaulu kufuata kitabu kimoja mpaka mlango wa nyuma, utatamani kufuata vyote, na utaanza kuona mlango ule kila mahali. Bloodchild, hadithi yake ya mwaka 1984, inahusu binadamu wanaoishi katika sayari nyingine chini ya viumbe wanaotaga mayai ndani ya miili ya watu, wanaume wakiwemo. Wasomaji wengi wakasema ni hadithi ya utumwa. Butler akaandika waziwazi kwamba siyo: ni hadithi ya mapenzi, ya kijana kukua, na ya mwanamume kubeba mimba. Huna lazima ya kumkubalia mwandishi kila anachosema juu ya kazi yake. Lakini una lazima ya kumwambia msomaji kwamba alisema. Vilevile Kindred: duka huiweka kwenye rafu ya bunilizi za kisayansi, yeye alisema haimo, kwa kuwa hakuna sayansi yoyote inayomrudisha Dana nyuma. Andika yote mawili.

Sayansi ilitoka wapi

Swali hili ndilo linalomtofautisha mwandishi wa fani hii na mshairi au mwandishi wa riwaya za mapenzi. Usiseme tu "alikuwa na ubunifu mkubwa." Tafuta kitu alichokiona kwa macho.

Nyuma ya Bloodchild kuna nzi. Butler alikuwa anajiandaa kwenda msitu wa Amazon, nchini Peru, kwa ajili ya utafiti wa riwaya, akasoma habari za nzi ambaye mabuu yake huingia chini ya ngozi ya mtu na kukulia humo humo. Kilichomtisha zaidi ni ushauri: usimkamue, usimkate, maana akibaki kipande ndani kidonda kitaoza; mwache akue, atoke mwenyewe. Kukaa na mnyama mwilini kwa hiari, kwa kuwa kumtoa ni hatari zaidi! Hofu hiyo akaitoa kwa kuiandikia hadithi. Sasa msomaji wako anajua namna wazo la kisayansi linavyozaliwa: siyo kutoka hewani, ni kutoka kwenye ukurasa wa maelezo ya safari uliosomwa na mtu mwoga anayejua kutazama hofu yake.

Safari yenyewe ikazaa Dawn na ndugu zake wawili. Humo, baada ya vita vya nyuklia, binadamu waliosalia wameokolewa na viumbe wanaoishi kwa kubadilishana jeni, na bei ya kuokolewa ni kuchanganyika nao. Parable of the Sower nayo ilitoka magazetini. Alikata habari za ukame, joto la dunia, magereza na bei za vitu, akazihifadhi, akajiuliza mambo haya yakiachwa yaendelee miaka thelathini yatafika wapi. Kitabu cha 1993 kikaanza kama shajara ya mwaka 2024. Unapoandika habari hii usimwite nabii. Mwite msomaji wa magazeti mwenye subira, ndivyo alivyokuwa, na sifa hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu inaigika.

Tuzo na mitego ya tarehe

Tuzo zipite upesi, ila uziandike sawasawa. Hugo na Nebula ndizo tuzo kubwa za fani hii. Hugo hutajwa kwa mwaka wa hafla. Nebula kwa kawaida hutajwa kwa mwaka kazi ilipotoka, na hafla yenyewe hufanyika mwaka unaofuata. Ndiyo maana Bloodchild ina Nebula ya 1984 na Hugo ya 1985 bila mtu yeyote kukosea. Hadithi ya Speech Sounds ilitoka 1983 ikapata Hugo ya 1984. Ukichanganya hizi, msomaji mmoja makini ataacha kukuamini hata kwenye mambo uliyopatia.

Mtego mwingine ni mfululizo wa vitabu. Patternmaster ndiyo ya kwanza kuchapishwa, lakini kwa mpangilio wa kisa ndiyo ya mwisho. Wild Seed, iliyotoka ya nne katika mfululizo huo, ndiyo inayoanza karne kadhaa nyuma. Wasifu hufuata miaka ya mwandishi, haufuati miaka ya wahusika.

Tuzo ya MacArthur ya 1995, ile ya Marekani inayompa mtu mwenye kipaji fedha za kufanyia kazi yake, mimi siiweki upande wa Vitabu. Alikuwa mwandishi wa kwanza wa bunilizi za kisayansi kuipata, nayo ilikuwa dola 295,000. Hiyo ni riziki. Mwanamke aliyeamka saa nane za usiku miaka na miaka amepewa, akiwa na miaka 48, mchana wake mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye mama yake akafariki. Ukiziweka tarehe hizo mbili karibu karibu, huna haja ya kuongeza neno.

Maneno utakayohitaji

Amua mapema utakavyoiita fani. Wapo wanaosema hadithi za kisayansi, nami nilisema hivyo zamani, mpaka wasomaji wakadhani nazungumzia vitabu vya kufundishia fizikia. Sasa nasema bunilizi za kisayansi, na mara ya kwanza naongeza maelezo: hadithi inayouliza maisha yangekuwaje kama jambo fulani la sayansi au la jamii lingebadilika. Baada ya hapo sielezi tena.

Majina ya vitabu yaache yalivyo, kisha eleza maana kwa Kiswahili ndani ya sentensi. Kindred ni watu wa damu moja. Parable of the Sower ni ule mfano wa mpanzi katika Injili, na msomaji wa Kiswahili anaufahamu tayari, kwa hiyo hapo una bahati: mbegu zilizoanguka njiani, kwenye miamba na kwenye miiba zitamjia zenyewe. Lakini usimbatize mwandishi kitabu cha Kiswahili ambacho hakijatafsiriwa. Msomaji atakwenda kukitafuta na atakikosa.

Na maisha ya faragha? Butler aliishi peke yake na alipenda hivyo. Watu wamekisia mengi. Kisichosemwa na mwenyewe, na kisichogusa kazi yake, mimi nakiacha.

Kifo, na kilichokuja nyuma yake

Mwaka 1999 alihamia jimbo la Washington, karibu na Seattle. Alifariki Lake Forest Park tarehe 24 Februari 2006 baada ya kuanguka nje ya nyumba yake, akiwa na miaka 58. Taarifa za wakati ule zilitofautiana, nyingine zikisema kiharusi, nyingine zikisema jeraha la kichwa. Katika hali kama hii andika lile ambalo taarifa zote zinakubaliana, na uishie hapo. Si kazi yako kuwa daktari wa marehemu.

Kwa mwandishi wa aina hii huwezi kufunga daftari siku ya mazishi, kwani vitabu vinaendelea kutembea. Parable of the Sower iliingia orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya New York Times mwaka 2020, miaka 14 baada ya kifo chake. Mwaka 2021 NASA ikapaita kwa jina lake mahali roboti Perseverance ilipotua katika kreta ya Jezero, sayari ya Mars. Akiwa na miaka 12 alikuwa ametazama kwenye televisheni filamu dhaifu kuhusu mwanamke kutoka Mars, akaona hata yeye anaweza kuandika bora kuliko ile. Kila mtu anaunganisha Mars hizi mbili katika sentensi ya mwisho. Nilifanya hivyo pia, kisha nikatenganisha: filamu nikaiweka mwaka wake, roboti nikaiweka mwaka wake, kurasa tatu zikiwa katikati. Msomaji anayefika huko akikumbuka atafurahi zaidi kwa kukumbuka mwenyewe.

Nilichokipa nafasi kubwa ni karatasi. Nyaraka zake ziko maktaba ya Huntington huko San Marino, jirani kabisa na Pasadena alikozaliwa: zaidi ya vitu 8,000, zikiwemo shajara, miswada, ratiba na hesabu za matumizi. Kwenye jalada la daftari moja la mwaka 1988 alijiandikia kwamba vitabu vyake vitasomwa na mamilioni, kwamba atanunua nyumba nzuri, kwamba atawapeleka vijana maskini Weusi kwenye warsha ya Clarion. Na baada ya ahadi hizo akajiamuru kwa mkono wake mwenyewe: na iwe hivyo, hakikisha inakuwa. Baada ya kifo chake ukaanzishwa mfuko wa ufadhili kwa jina lake unaopeleka waandishi wasio Wazungu Clarion. Hili nililiandika polepole sana. Ndilo jambo la safu mbili kukutana: kitabu kimekuwa riziki ya mtu mwingine.

Ukimaliza, mpe rasimu mtu anayeandika kabla hujampa mtu anayesoma tu. Mwambie aweke alama kila anapotaka kuuliza "kivipi?" Mpwa wangu aliipokea rasimu yangu ya pili, kurasa tisa sasa, akakaa nayo siku mbili. Aliirudisha ikiwa na alama moja. Niliandika kwamba baada ya riwaya za kwanza "aliweza kuacha vibarua akaishi kwa kalamu." Pembeni, kwa penseli, ameandika: "Mwaka gani, Mjomba?"

Nikarudi kwenye vyanzo. Ni 1978. Nimeuandika mwaka huo kwenye aya yake, na kwenye daftari nikaujaza upande wa kulia, mstari ambao ulikuwa bado wazi.